Faida Yenye Kudumu: Kupima Mafunzo ya Watumishi wa Maendeleo Vijijini katika Gitega na Muyinga



Katika miji ya Gitega na Muyinga hufunguliwa na kufungwa mafunzo ya namna nyingi kwa ajili ya watu wafanyao kazi ya maendeleo vijijini. Huja mabwana shamba, waganga wa mifugo, waelimishaji wa afya na lishe, viongozi wa vyama vya ushirika, na wakulima waliochaguliwa na wenzao wa vilimani. Hukaa darasani siku tatu, au juma zima, au zaidi. Huandika katika madaftari, hula pamoja, hujuana. Siku ya mwisho hupigwa picha na kila mmoja hupewa hati yenye jina lake. Kisha viti hurudishwa mahali pake, wageni hupanda magari, na mlango wa ukumbi hufungwa.

Swali la hotuba hii linaanza pale mlango unapofungwa. Katika yote yaliyofundishwa, ni lipi litakalokuwa lingali likifanya kazi baada ya miaka mitatu, wakati fedha zilizolipia mafunzo zimekwisha, na mwalimu aliyefundisha amekwenda nchi nyingine?

Waislamu wanalijua swali hili kwa jina jingine. Dini imewafundisha kutofautisha sadaka inayokwisha siku ile ile na sadaka inayoendelea, na imeihesabu elimu yenye kunufaisha kuwa miongoni mwa mambo yasiyokatika kwa kufa mtu. Uzito umo katika hayo maneno mawili, yenye kunufaisha. Elimu iliyoandikwa katika daftari na kufungiwa sandukuni haijanufaisha mtu. Mafunzo, basi, hayapimwi kwa wingi wa watu waliohudhuria wala kwa uzuri wa ukumbi, bali kwa kile kilichobaki mikononi mwa watu.

Huenda mtu akauliza: jambo la vilimani lawahusu nini watu wa mtaa wa Waswahili? Gitega ilianzishwa na Wadachi kuwa makao ya utawala wao mwaka 1912. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916. Katika zama hizo wazee wengi wa Kiislamu walifika kwa njia ya biashara, uaskari, ukarani na ufundi, na utawala ukawaweka katika mitaa yao maalumu, mbali na desturi za vilimani. Kwa sababu hiyo wengi wao walikuwa watu wa duka, cherehani na safari, wala si watu wa jembe. Lakini hali ya leo si ile. Vijana wa mitaa hiyo wamo katika ofisi za miradi, katika vyama vya kusaidia wakulima, na katika zahanati za mashambani. Tena hata yule asiyewahi kushika jembe hula maharage yaliyoshushwa kutoka kilimani, na bei ya maharage sokoni ni habari ya udongo. Udongo ukiteremka na mvua, bei hupanda.

Na udongo wa nchi hii ni jambo la kuogopea. Hesabu ya watu ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba Burundi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na kati yao mkoa wa Gitega ulikuwa na zaidi ya 700,000 na mkoa wa Muyinga zaidi ya 600,000. Tangu wakati huo idadi imeongezeka sana. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi. Mwaka 2025 mikoa 18 ilipunguzwa ikawa mitano, Gitega ikaongezewa eneo, na Muyinga ikaingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mipaka ya serikali imebadilika, lakini mipaka ya mashamba haikupanuka. Aghlabu shamba la familia moja halifiki hata nusu ya hekta, nalo liko ubavuni mwa kilima ambako kila tone la mvua linataka kuchukua udongo na kwenda nao bondeni. Baba mwenye wana wanne akigawa shamba la namna hiyo, hugawa vipande vya kulimia bustani. Kwa watu wa hali hii, mafunzo yaliyopotea bure ni msimu uliopotea, na msimu uliopotea ni watoto waliolala na njaa.

Yafaa ikumbukwe kwamba kufundisha watu wa mashambani si jambo jipya katika nchi hizi. Wakati wa Wabelgiji, tangu miaka ya 1930, wakulima waliamrishwa kupanda kahawa. Waliamrishwa vilevile kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa kufuata mkingamo wa kilima. Amri hizo zilikuwa na wasimamizi, na wasimamizi walikuwa na adhabu. Kwa macho ya mhandisi, mitaro ile ilikuwa sahihi. Lakini uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962 na mkono wa adhabu ukaondoka, mitaro mingi iliachwa ikafukiwa na udongo na majani. Kahawa, ingawa nayo ilianza kwa amri, ilibaki. Tofauti ilikuwa wapi? Kahawa ilimletea mkulima fedha aliyoiona kwa macho yake. Mtaro aliuona kuwa ni kazi ya serikali iliyofanywa katika shamba lake, uliomnyang'anya kipande cha ardhi na siku za kazi, na faida yake hakuelezwa kwa namna ya kuaminika. Ndiyo funzo la kwanza: jambo jema lililoingizwa kwa amri huondoka pamoja na amri.

Jirani nao walijaribu njia zao. Kule Kenya, mwaka 1925, ilifunguliwa shule ya Jeanes katika Kabete, kwa ajili ya kuwafunza walimu watakaozunguka vijijini na kuinua hali za watu. Shule ile ilipokea walimu pamoja na wake zao, mume akafundishwa kazi yake na mke akafundishwa malezi, afya na utunzaji wa nyumba. Mtu anaweza kuwa na maneno yake juu ya mambo mengi ya elimu ya wakati wa ukoloni, lakini walioianzisha shule ile walikuwa wametambua jambo moja la kweli: nyumba haibadilishwi na mtu mmoja. Jambo hili litarudi mbele ya hotuba.

Sasa, je, mafunzo hupimwaje? Mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Marekani, Donald Kirkpatrick wa Wisconsin, alianza kutoa makala zilizoigawa kazi hii katika ngazi nne, na mgawanyo wake ungali ukitumika duniani kote. Ngazi ya kwanza ni kuuliza kama waliofunzwa waliridhika. Ya pili ni kuuliza kama walijifunza. Ya tatu ni kuuliza kama walibadilisha matendo yao waliporudi kazini. Ya nne ni kuuliza matendo hayo mapya yameleta matokeo gani.

Na achukuliwe mfano wa mafunzo ya kutengeneza mboji na kupanda majani ya kuzuia udongo. Siku ya mwisho washiriki hujaza karatasi na kusema chakula kilikuwa kizuri na mwalimu alieleza vyema: hiyo ni ngazi ya kwanza. Wakipewa mtihani wakajua kwamba shimo la mboji lataka kivuli, maji na kugeuzwa, hiyo ni ya pili. Baada ya miezi sita akaenda mtu kilimani akakuta shimo limechimbwa, lina mboji ndani, na mistari ya majani imepandwa kukinga mteremko, hiyo ni ya tatu. Na baada ya misimu kadhaa ikaonekana kwamba udongo umeshikwa nyuma ya majani, mbuzi wamepata malisho, na gunia la maharage limeongezeka, hiyo ndiyo ya nne.

Ni dhahiri ya kwamba kila ngazi ni ngumu kuliko iliyo chini yake, na kila ngazi ni ghali kuliko iliyo chini yake. Ndiyo sababu taarifa nyingi huishia katika ile ya kwanza. Huandikwa kwamba watu kadha wa kadha walifunzwa, wanawake walikuwa kadha, na wote walifurahi. Taarifa ya namna hiyo si ya uongo. Lakini ni sawa na mtu aliyeulizwa habari za mavuno yake akajibu kwa kutaja kilo za mbegu alizonunua.

Kuna mfano mkubwa wa hatari ya kuishia hapo. Tangu mwaka 1982 Benki ya Dunia iliisaidia serikali ya Kenya kuendesha utaratibu wa kuwafunza mabwana shamba mara kwa mara na kuwatuma kuwatembelea wakulima kwa ratiba maalumu. Miradi miwili ilifuatana hadi mwaka 1998. Mabwana shamba walifunzwa, safari zilifanywa, ratiba ziliandikwa. Kisha idara ya benki hiyo hiyo yenye kazi ya kupima miradi ilitoa ripoti mwaka 2000, na hukumu yake ilikuwa kali: faida kwa mavuno ya wakulima haikuonekana kwa namna ya kulingana na gharama, na ujumbe mwingi ulikuwa ule ule usiotofautisha shamba na shamba. Wapo waliofanya kazi kwa uaminifu katika miaka hiyo, na aibu si yao. Lakini laiti swali la ngazi ya nne lingeulizwa mapema na kujibiwa kwa unyofu, njia ingeweza kurekebishwa kabla ya miaka kumi na sita kupita.

Njia nyingine iliyoingia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1990 ni ile ya shamba darasa, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliianzisha kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989. Humo mwalimu hasimami mbele na chaki. Wakulima hukutana shambani msimu mzima, hulinganisha kipande na kipande, huhesabu wadudu, na kujadiliana. Njia hii imefika Burundi pia. Sifa yake ni kwamba mafunzo hayaishi katika juma moja, bali hufuata mmea tangu mbegu hata mavuno, na mkulima huamini kwa sababu ameona kwa macho yake.

Lakini kwa watu wa Gitega na Muyinga kuna jaribio la karibu zaidi, nalo lastahili kuelezwa kwa kirefu. Mnamo mwaka 2014 wataalamu wa Wageningen, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Burundi, walianza kuijaribu njia inayoitwa Mpango Jumuishi wa Mkulima, ijulikanayo kwa herufi za Kifaransa, PIP. Tangu mwaka 2015 njia hiyo ilienezwa na mradi wa kuongeza uzalishaji wa kilimo uliojulikana kwa jina la PAPAB, katika mikoa kadhaa ikiwemo Gitega na Muyinga.

Njia yenyewe ni hii. Mafunzo hayaanzi kwa mbegu wala kwa mbolea. Huanza kwa karatasi kubwa na kalamu za rangi. Baba, mama na watoto hukaa pamoja na kuchora shamba lao kama lilivyo leo: nyumba, zizi kama lipo, migomba, mahali panapomomonyoka. Kisha huchora shamba lao kama wanavyotaka liwe baada ya miaka michache: mistari ya majani, miti, shimo la mboji, mbuzi au ng'ombe, paa la bati. Kati ya picha hizo mbili huandika kazi za kufanya na nani atazifanya. Mchoro hutundikwa ukutani, kila mgeni auone na kila mtoto aukumbuke. Wakulima wa kwanza waliofunzwa huwa ndio walimu wa wenzao wa kilima hicho, na wale wa pili huwafunza wa tatu, mkulima kwa mkulima.

Msikilizaji ataona kwamba hapa limerudi lile jambo la Kabete. Mume peke yake akifunzwa, hurudi nyumbani na mashauri yanayomhitaji mke afanye kazi asiyoijua sababu yake. Katika vilima vya Burundi, mwanamke ndiye mwenye mkono mkubwa zaidi katika kulima, kupalilia na kuchagua mbegu, lakini kwa mila ardhi hurithiwa na wanaume, na fedha ya kahawa huingia katika mfuko wa mume. Mafunzo yakimpita, huwa yameipita kazi yenyewe. Mchoro wa familia haumalizi dhuluma hiyo, lakini humfanya mke asikike katika shauri la shamba, na humfanya kijana ajue kwamba kuna siku zijazo katika ardhi hiyo.

Wataalamu wamelipeleka jambo hili katika mizani. Utafiti mmoja uliofanywa katika mikoa hii hii miwili, Gitega na Muyinga, ukachapishwa mwaka 2019 katika jarida la wataalamu wa ardhi, ulijishughulisha na swali lililo kiini cha hotuba hii: ni kitu gani kinachomfanya mkulima atumie nguvu na fedha zake kuihifadhi ardhi yake? Kuuliza hivyo tu ni hatua kubwa. Zamani swali lilikuwa moja, je, mkulima ameambiwa? Sasa swali ni, je, ana uwezo, na je, ana nia itokayo ndani yake?

Hata hivyo isidhaniwe kwamba njia hii haina mipaka. Mchoro si ng'ombe. Familia isiyo na mnyama haina samadi, na ikikosa samadi shimo la mboji hujaa polepole. Familia iliyokodi ardhi ya mtu haiwezi kupanda miti itakayokomaa baada ya miaka mitano, kwa kuwa haijui kama itakuwapo. Tena mtu aweza kuchora ili ampendeze mgeni, kama vile mtoto wa chuo anayekariri bila ya kufahamu. Kwa hiyo mpimaji mwenye hekima hatazami mchoro uliopo ukutani akaondoka. Huutazama, kisha hutoka nje na kulitazama shamba, akalinganisha viwili hivyo.

Kuna faida nyingine ya mafunzo isiyoweza kudumu kwa mtu mmoja peke yake. Mwaka 2010 uligunduliwa upande wa mashariki ya Burundi ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao ulikwisha kuitesa Uganda tangu mwaka 2001. Ugonjwa huu huletwa na bakteria, na huenezwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa. Dawa ya kunyunyiza haipo. Lililopo ni kuondoa lile ua lenye kuning'inia kwa kijiti chenye panda, pasipo kutumia chuma, kusafisha panga kwa moto, na kung'oa migomba iliyoambukizwa. Kazi hiyo hufundishwa kwa siku moja na mtoto wa miaka kumi huiweza. Lakini mkulima mmoja akiifanya na majirani zake watano wakaacha, wadudu hawatambui mpaka. Kwa jambo la namna hii, kupima mtu mmoja mmoja hakufai. Sharti kipimwe kilima kizima: ni nyumba ngapi kati ya mia zinaondoa maua, na je, zingali zikiondoa baada ya hofu ya kwanza kupoa?

Sasa zitajwe sababu zinazoyafanya mafunzo mengi yakauke kama maji ya mchangani.

Ya kwanza ni lugha. Mafunzo mengi ya watumishi huendeshwa kwa Kifaransa, na vitabu vyake ni vya Kifaransa. Mtumishi huyo anarudi kwa mkulima anayezungumza Kirundi, na sokoni mjini huzungumzwa Kiswahili. Katika kuvuka daraja la lugha, maneno mengi huanguka mtoni. Mafunzo yasiyompa mtumishi maneno ya Kirundi ya kumweleza bibi kizee wa kilimani yamemwachia nusu ya kazi bila ya chombo.

Ya pili ni uhamisho. Mtumishi hufunzwa mambo ya kahawa, kisha huhamishiwa mahali pa mpunga wa bondeni. Au hufunzwa vizuri mno, mpaka mradi mwingine wenye mshahara mkubwa ukamchukua. Yeye amefaidika, na hakuna wa kumlaumu, lakini kilima kimebaki na kiti kitupu. Mkulima aliyefunzwa, kinyume chake, haendi popote. Shamba lake ndilo linalomfunga.

Ya tatu ni vyombo. Kumfundisha mtu kuwatembelea wakulima wa vilima kumi, kisha kumnyima baiskeli, ni kumfundisha majuto.

Ya nne, na huisemwa kwa kunong'ona, ni posho. Wapo wanaokwenda mafunzoni kwa ajili ya fedha ya siku, na wapo wakubwa wanaojiandikisha wao badala ya wale walio chini yao waliohitaji elimu hiyo. Si haki kumcheka mtu mwenye mshahara mdogo kwa kuitamani posho. Lakini ni wajibu kuona kwamba pale posho inapokuwa ndiyo sababu ya kuja, elimu huondoka pamoja na posho.

Na hapana nchi inayojua vyema kuliko Burundi kwamba fedha ya nje huweza kukatika ghafula. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwatawanya watumishi na wakulima pamoja, na wengi wakavuka mpaka wa Muyinga kuingia Tanzania. Kisha, baada ya machafuko ya mwaka 2015, Umoja wa Ulaya uliusimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali mnamo Machi 2016, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi Februari 2022. Miaka ya namna hiyo ni mtihani wenyewe, usiohitaji karatasi. Elimu iliyokuwa imeingia katika mikono ya familia iliweza kuendelea, kwa kuwa mstari wa majani hauulizi habari za mfadhili. Elimu iliyokuwa ikitegemea gari na mafuta ya mradi ilisimama siku gari liliposimama.

Kwa hiyo jumuiya yoyote inayotaka kuwasaidia vijana wake waingie katika kazi hii, au inayotoa mchango wake kwa ajili ya mafunzo, ina haki ya kuuliza maswali matano, na isione haya.

Kwanza, hali ilikuwaje kabla? Asiyeandika idadi ya mashimo ya mboji kabla ya mafunzo hawezi baadaye kujivunia mashimo aliyoyakuta. Huenda yalikuwapo tangu zamani.

Pili, kilima cha jirani kikoje, kile ambacho hakikupata mafunzo? Mvua nzuri huongeza mavuno ya aliyefunzwa na asiyefunzwa. Pasipo kilima cha kulinganisha, mwalimu atajisifu kwa kazi ya mawingu, na mwaka wa ukame atalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Tatu, nani ameulizwa? Asiulizwe bwana wa nyumba peke yake, wala mwenyekiti wa chama peke yake. Aulizwe mke, aulizwe kijana, aulizwe jirani ambaye hakualikwa. Jirani aliyeiga bila ya kualikwa ni shahidi bora kuliko wote, kwa kuwa hakulipwa kuiga.

Nne, mpimaji amerudi lini? Akirudi baada ya mwezi mmoja ataona juhudi ya ugeni. Na arudi baada ya msimu wa Septemba na ule wa Februari kupita mara mbili au tatu, hasa baada ya mradi kufunga ofisi yake. Kilichopo wakati huo ndicho kilichobaki.

Tano, gharama ilikuwa kiasi gani, na ni nani aliyeilipa? Zihesabiwe pia siku za mkulima, maana muda wa maskini nao ni mali. Mafunzo ya bei ndogo yaliyobaki katika nyumba thelathini yapita kwa mbali mafunzo ya bei kubwa yaliyobaki katika picha.

Haya si mambo yanayohitaji wataalamu wa mbali. Jumuiya ikitaka kumpeleka kijana mafunzoni, na imchague anayekusudia kubaki, si anayetafuta njia ya kuondoka. Ikiwezekana wapelekwe wawili, mvulana na msichana, au mtu na mkewe, ili mmoja akisahau mwingine akumbuke. Sehemu ya fedha iwekwe kando tangu mwanzo kwa ajili ya kurudi na kutazama, kwa kuwa fedha ya kutazama isipotengwa mapema haipatikani tena. Na kila anayerudi asimame mbele ya wenzake, katika ua wa madrasa au chini ya mti, awafundishe kwa lugha yao yale aliyojifunza. Atakayeshindwa kuyaeleza atakuwa amejitambua mwenyewe, kabla ya kupimwa na mtu.

Tena yatupwe mawazo kwamba kupima ni kutafuta mkosaji. Mkulima hupima gunia lake wala halitukani. Hupima ili ajue mbegu gani airudishe ardhini na ipi ailie nyumbani. Mwalimu wa kweli hufurahi kuambiwa kwamba somo lake la tatu halikubaki, kwa sababu mwaka ujao atalibadilisha. Anayechukia kupimwa ni yule ambaye kazi yake ilimalizika siku ya kugawa hati.

Waheshimiwa, vilima vya Gitega na Muyinga vimewaona wengi wakija kuvifundisha: wenye amri, wenye chaki, wenye magari, na wenye kalamu za rangi. Vilima havikumkumbuka kila mmoja wao. Vimewakumbuka wale ambao maneno yao yaligeuka majani yaliyoshika udongo, zizi lililotoa samadi, na mama aliyeweza kusimama katika shamba lake na kueleza kwa nini amepanda hivi na si vile. Mwenye kuifanya kazi hiyo, akiwa Mwislamu au si Mwislamu, amewaachia watoto wa kilima kile ardhi iliyo bora kuliko aliyoikuta.

Mwenyezi Mungu aijaalie elimu inayotolewa katika nchi hii iwe yenye kunufaisha, awape watumishi wake subira ya kurudi na kutazama, na ailinde ardhi na wanaoilima. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.